Mkalimani na Majina ya Mahali

Kwa muda wote niliomfahamu Mkalimani, sikumbuki hata mara moja aliyofika mahali bila kupotea kwanza. Alipotea akienda harusini, alipotea akitoka msibani, na kuna siku alipotea ndani ya maegesho ya duka kubwa kule Apple Valley mpaka mlinzi akampakia kwenye kigari chake na kumzungusha, wakitafuta gari lililokuwa mbele ya macho yao. Simu yake ilimwelekeza kwa Kifaransa, naye aliijibu kwa Kifaransa, kwa hasira, kama mtu anayegombana na mume wake. "Unanidanganya," anaiambia, halafu anakata kulia palipoandikwa usikate kulia.

Huyu ndiye aliyekusanya majina ya mahali petu pote.

Nikisema petu, nina maana ya sisi tunaojaa kanisani Misa ya Kiswahili inaposomwa: Wakenya, ambao ndio wengi, Wakongo waliokuja na familia zao kupitia kambi za wakimbizi, na sisi Watanzania wachache tunaosahihisha Kiswahili cha wenzetu bila kuombwa. Tumetawanyika huku Marekani, katika miji ya Minneapolis na Saint Paul na vitongoji vyake. Mimi naishi Crystal na ofisi yangu iko Golden Valley. Jumamosi, kwa miaka mingi, nilikuwa dereva wa Mkalimani. Hakuniomba. Nilichoka tu kumsubiri.

Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Bukavu, mwenye mkoba mkubwa kuliko alivyohitaji. Wakati wa baridi alivaa kitenge juu ya koti, si ndani yake. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa viatu miguuni. "Nishone nguo nzuri halafu niifiche?" alisema. "Weye Mutanzania, koti hili halina hata rangi."

Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya watu wawili wasioelewana: mgonjwa na daktari, mzazi na mwalimu, mshtakiwa na hakimu. Ukalimani una kanuni ambayo sikuijua kabla ya kumjua yeye. Mkalimani hasemi "anasema anaumwa." Husema "naumwa," kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba maumivu ni yake. Basi jioni ukimuuliza siku ilikwendaje, alikuwa akijitupa kitini na kusema, "Leo nilikuwa na mimba, nikavunjika mkono, nikapewa talaka. Nipe chai." Hapo ndipo habari zilipoishia. Nani alikuwa na mimba, nani alipewa talaka, hukupata kujua hata ungemfungia chumbani. Alipenda sana umbea wa wengine. Alisimama katikati yake, akacheka, akauliza maswali, na akaondoka bila kuchangia hata neno.

Majina yalianzia kazini humo humo. Aliwahi kunisimulia, bila kumtaja mtu, kuhusu mzee aliyeumia goti. Daktari aliuliza alianguka wapi. Mzee akajibu, "Pale Mlima Mchafu." Kanuni ilimtaka afasiri kila neno, naye akafasiri kila neno. Daktari akaandika kwamba mzee huyu hupanda milima, akaanza kumshauri kwamba kwa umri wake atafute mchezo mwingine. Mzee akakasirika. Daktari akakasirika. Mkalimani, aliyeishi mjini miaka kadhaa bila kuona mlima wowote, aliomba ruhusa ya kuuliza kwa nafsi yake mwenyewe.

Mlima Mchafu ni ile chungu ya theluji ambayo magari ya kusafisha maegesho huisukuma pembeni, nyuma ya maduka. Ikifika mwezi wa tatu inakuwa nyeusi kama mkaa na kubwa kama nyumba. Watu wetu walikuwa wakielekezana kwayo: mimi nakaa nyuma ya Mlima Mchafu, shuka basi mbele ya Mlima Mchafu. Kilichomshangaza Mkalimani ni kwamba mwezi wa saba, theluji imekwisha kitambo na maegesho yako tupu, bado walipaita vilevile. Mlima ulikuwa umeyeyuka na jina limebaki.

"Nilijiuliza," aliniambia, "kama jina moja iko vile, mengine iko ngapi?"

Yalikuwa mengi. Kulikuwa na Kwa Mama Ndizi, duka ambalo sasa linauza simu, kwa sababu mama aliyekuwa akileta ndizi mbichi alishahama zamani. Kulikuwa na Pale Tulipolala, hoteli ndogo ya barabarani ambako familia za wakimbizi zilipelekwa siku za kwanza, kabla ya kupata nyumba. Watoto waliozaliwa baadaye, wasiowahi kulala humo, nao walisema Pale Tulipolala. Na kulikuwa na Shimo la Kamau, mahali ambapo shimo la barabarani lilikula tairi mbili za Mzee Kamau kwa mkupuo mmoja. Shimo lilizibwa, ila Mzee Kamau aliendelea kupeleka wageni kutoka Nairobi wakaone lami iliyo sawa kabisa.

Mkalimani alinunua shuka jeupe la kitanda kikubwa, akadarizi juu yake ramani ya mji: mito kwa uzi wa buluu na barabara kuu kwa uzi mweusi. Kila jina alilolipata alilidarizi kwa uzi mwekundu. Shuka lilitundikwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, tunaponywea chai baada ya Misa. Kila jina pia alilirekodi kwenye simu: alimpeleka mtu mpaka mahali penyewe, au tuseme mimi niliwapeleka na yeye akatupoteza njia, kisha akamuuliza mnapaitaje hapa, na kwa nini. Hakumkatiza mtu aliyejibu. Mtu akisema uongo, akisema kitu kisichoingia akilini, alimwacha amalize na kumshukuru.

Alikuwa mkali katika mambo mawili. La kwanza, jina halifasiriwi. Vijana wa parokia waliwahi kumletea wazo la kuandika Kiingereza chini ya kila jina ili watoto wetu waelewe. Yeye, aliyekula kwa kazi ya kufasiri, alikataa katakata. "Mwanao akitaka kujua, akuulize," alisema. "Halafu mtakuwa mumeongea." Binti yangu Neema, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alilazimika kuuliza. Aliuliza kwa Kiingereza, lakini aliuliza.

La pili, jina halitungwi. Yeye alisikiliza tu. Kama watu hawajalizoea, halikuingia kwenye shuka. Mwenye mgahawa mmoja alimwendea na chakula cha bure mara tatu ili kona ya mgahawa wake iandikwe. Alikula, akasifu, na hakuandika.

Padri wetu, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili Tanzania na kukisema vizuri kuliko waumini wake wengi, aligombana naye kwa sababu ya kanuni hiyo. Kuna sehemu ya maegesho ya kanisa, karibu na mapipa ya taka, ambako watu husimama saa nzima baada ya Misa. Inaitwa Kona ya Umbea. Padri aliposoma jina hilo kwenye shuka alimwomba kwa upole alifumue.

"Mama, hii ni nyumba ya Mungu," alisema.

"Njo maana nimeiandika nje, Padri. Tazama, iko kwenye maegesho."

"Wageni wakija watatuonaje?"

"Watatukuta pale pale, tumesimama."

Jina lilibaki. Baada ya miezi michache nilimsikia Padri akimwambia fundi wa paa aegeshe gari lake Kona ya Umbea.

Nimeeleza haya ili ieleweke jinsi alivyokuwa amesimama imara kwenye kanuni zake siku Mama Baraka alipomwita.

Baraka alikuwa mtoto pekee wa nesi mmoja Mkenya wa parokia yetu. Kijana mrefu, mcheshi, mpenzi wa mpira. Jumapili jioni alikusanya vijana, Wakenya kwa Wakongo, kwenye uwanja mmoja wa Crystal nyuma ya shule ya zamani, na ugomvi mwingi uliokuwa baina ya vijana hao uliishia pale. Asubuhi moja ya barafu ya kwanza ya mwaka, akienda kazini Apple Valley, gari lake liliteleza kwenye kona ya barabara inayoshukia Mto Minnesota. Alifariki palepale.

Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuiita kona ile Kwa Baraka. Hawakukusudia ubaya. Walikuwa wakionyana: punguza mwendo pale Kwa Baraka, leo kuna barafu. Mkalimani alilisikia kwa Wakenya, akalisikia kwa Wakongo, na mwishowe akalisikia kwa Mtanzania, yaani mimi. Akalidarizi.

Mama Baraka alipiga simu mwezi wa tatu. Nilimpeleka Mkalimani nyumbani kwake, hapa hapa Crystal, theluji ikiyeyuka na maji yakitiririka kando ya barabara. Mama Baraka alitupokea akiwa bado na nguo za kazi. Alikuwa nesi kwenye nyumba ya wazee kule Apple Valley. Alitupa chai, akakaa, akasema moja kwa moja.

"Nimesikia umeweka jina ya mtoto wangu kwa ile shuka."

"Niliweka, mama."

"Toa."

Mkalimani alishusha kikombe. Nilidhani atamweleza kanuni yake, kama alivyomweleza Padri. Badala yake alisikiliza.

"Mimi hu-drive hapo kila siku nikienda job," Mama Baraka aliendelea. "Hakuna njia ingine. Nimezoea, nafunga roho napita. Lakini juzi niko kwa jikoni ya kanisa, msichana mmoja anaambia mwenzake, ukifika Kwa Baraka shika lane ya kushoto. Hakuwa ananijua. Alisema tu, vile mtu anasema stop sign."

"Mama, watu wanapunguza mwendo sababu ya jina lile," nilisema. Nilitaka kusaidia. "Labda limeokoa mtu."

"Najua," alisema. "Na nafurahia hao watu wako hai. Lakini mtoto wangu aliishi miaka ishirini na mbili. Hapo alikaa dakika moja. Mbona mnamwacha hapo?"

Akamgeukia Mkalimani. "Kama ni lazima wamtaje, wamtaje pale alikuwa anacheza."

"Mama," Mkalimani akasema polepole, "mi sina mamlaka juu ya midomo ya watu. Naweza kufumua uzi. Siwezi kufumua kile watu wanasema."

"Basi fumua uzi."

Tulipotoka, kwenye taa nyekundu ya pili Mkalimani alinigeukia. Kisha akasema, "Nipeleke kwenye ule uwanja." Ulikuwa tope tupu, na milingoti ya goli ilikuwa imepinda kwa uzito wa majira ya baridi. Aliingia katikati kwa viatu vyake vya kanisani, akasimama, akatazama huku na huku kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Aliporudi garini miguu yake ilikuwa imelowa. "Ni pazuri," alisema. Uwanja haukuwa mzuri hata kidogo.

Jumamosi ile aliufumua uzi mwekundu kwenye kona ya mto. Mama Baraka alikuja kuona. Walikaa pamoja chini ya shuka, mmoja akivuta uzi, mwingine akiushika ncha, na matundu ya sindano yakabaki kwenye kitambaa. Mkalimani akayasugua kwa ukucha mpaka yakajifunga.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini majira ya joto yalipoanza, Mkalimani alisimama kanisani wakati wa matangazo. Akasema kwamba Jumamosi ijayo kutakuwa na pikiniki ya familia zote, kila mtu alete sufuria yake, na mahali ni Kwa Baraka. Alilitamka jina kwa sauti ile ile aliyotumia kusema Apple Valley. "Kwa Baraka, Crystal," alirudia. "Uwanja, nyuma ya shule ya zamani."

Mzee Kamau alimfuata Kona ya Umbea, na mimi nilikuwepo.

"Mama, wewe ndiye ulituambia jina halitungwi."

"Ni mimi."

"Ulikataa chakula ya mtu hapa."

"Sikukataa chakula. Nilikula."

"Sasa hii unafanya ni nini?"

"Ninatunga," alisema Mkalimani. "Uwanja ule hauna jina, na mtoto yule hana mahali. Nimechagua. Kama ni vibaya, Mzee Kamau, mutanisema miaka yote, na nitakuwa nimestahili."

Mzee Kamau aliuliza pikiniki inaanza saa ngapi. Alileta mbuzi mzima.

Siku ya pikiniki Mama Baraka alikuja amechelewa, akabaki ndani ya gari lake na injini inaunguruma. Hatukumwendea. Watoto walikuwa wakicheza mpira kati ya milingoti ile iliyopinda, na moshi wa nyama ulikuwa umetanda. Alizima injini, akatoka, akasimama kando ya Mkalimani. Wakati huohuo simu ya Mkalimani ikalia.

Familia mbili za Wakongo hazikusikia maneno ya mwisho ya tangazo. Zilikuwa zimekwenda Kwa Baraka ile ya zamani, kwenye kona ya mto, na magari mawili na masufuria ya pilau. Walikuwa wamesimama kando ya barabara kuu, wakishangaa pikiniki iko wapi, na polisi alikuwa amewafikia akitaka kujua wanafanya nini. Mkalimani aliweka simu kwa sauti kubwa. Kazi ni kazi. Polisi aliuliza, yeye akafasiri, Mkongo akajibu, yeye akafasiri kwa nafsi ya kwanza kama alivyozoea: "Bwana, nimekuja kwenye sherehe. Nina pilau. Naona hakuna watu."

Polisi akauliza kama pilau ni chakula.

Mama Baraka alicheka. Alianza kwa pumzi tu, puani, halafu akacheka mpaka akashika bega la Mkalimani ili asianguke. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Polisi aliwasindikiza mpaka kwenye barabara kubwa, na pilau lilifika likiwa bado moto.

Kuanzia hapo Mkalimani alipanda lile jina kama mtu apandaye maharage, kila mahali na bila aibu. Ubatizo ukiisha, watu wapigie picha Kwa Baraka. Akitaka kurudishiwa sufuria, iachwe Kwa Baraka. Wengine walimkubalia kwa sababu ya mama yule, wengine kwa sababu kubishana naye kulichosha. Lakini jina hakulidarizi. Nilimuuliza mara nyingi. "Bado," alijibu. "Munasema kwa kunihurumia. Hilo halihesabiki." Kule mtoni, waliokuja baadaye walianza kusema Kona ya Barafu, ingawa wazee wachache waliendelea na lile la zamani. Hilo hakulizuia. Aliliacha litembee lenyewe.

Alipostaafu alihamia kwa binti yake Apple Valley. Masikio yalikuwa yamepungua nguvu, jambo aliloliona kama mzaha wa Mungu kwa mtu wa kazi yake, na alitembea kwa fimbo. Nilikuwa simwoni mara kwa mara. Majira ya joto yaliyopita alinipigia akasema nimchukue, nimpitie na Mama Baraka, twende uwanjani.

Tulikuta vijana wanacheza, na zaidi ya nusu yao sikuwajua. Milingoti ilikuwa mipya. Tulipanga viti vyetu vya kukunja kando ya mstari, Mama Baraka akatoa chupa ya chai. Kijana mmoja alitoka uwanjani kuja kupumzika karibu nasi. Alikuwa na mtoto mdogo wa kike aliyekuwa akimsubiri kwenye nyasi. Alitusalimu kwa heshima, shikamoo kwa kila mmoja, kwa Kiswahili cha Kongo. Alisema ametoka kambini na familia yake mwishoni mwa baridi.

Mkalimani alitoa simu mkobani na kuiwasha. Nilijua anachotaka kufanya, na nilitamani kumzuia, kwa ajili ya Mama Baraka.

"Mwanangu," alisema, "hapa munapaitaje?"

"Hapa? Kwa Baraka, mama."

"Kwa nini?"

Kijana alifuta jasho kwa fulana. "Walituambia mutu akifika inchi hii, akuje acheze hapa kwanza. Atapata baraka. Na ni kweli. Mi nilicheza Jumapili, Jumatano wakaniita kazi."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Nilitaka kumwambia ni jina la mtu, kwamba mama yake ndiye huyu ameshika chupa ya chai. Mkalimani aliweka mkono wake juu ya goti langu, mzito, na kuuacha hapo. Mama Baraka alikuwa akimtazama kijana yule bila kupepesa.

"Kazi gani?" alimuuliza.

"Ya kupakia mikate, usiku. Lakini ni nzuri." Kisha, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba ukiulizwa nawe unauliza, akasema, "Na weye, mama? Ulipata nini hapa?"

Simu ilikuwa bado inarekodi.

"Kijana," alisema Mama Baraka. "Nilipata kijana. Alikuwa anacheza mbele, upande wa kushoto."

"Hongera, mama."

"Asante," alisema, akamimina chai kikombeni, akampa. Halafu akavuta kiti chake karibu na pale kijana alipokaa na mtoto wake, akaanza kumweleza jinsi mwanawe alivyokuwa akipiga mpira, na mguu gani aliupenda zaidi.